Walimsifu kwa Kuimba Kama Mwanamume Hadi Sauti Ikamfia

Saa kumi na mbili asubuhi, mvua inapiga mabati ya mtaa wa mafundi wa tambura mjini Miraj. Ghorofani, juu ya karakana ya Ami Dastagir, mwanamke wa miaka sitini na moja anamkazia macho binti wa miaka kumi na mmoja.

“Toa hicho kidevu kifuani,” anamwambia. “Umedondosha nini humo?”

Binti, Tejal, anacheka na kuinua uso. Hii ni siku yake ya kwanza darasani. Mama yake, aliyeketi mlangoni na mwavuli unaochuruzika maji, anaingilia kwa fahari.

“Mwache aendelee, Bai. Pale mtaani kwetu kila mtu anamsifia sauti nzito. Anaimba kama baba yake.”

Nalini Bhosekar, ambaye wanafunzi na wazazi humwita Bai kama waitwavyo walimu wanawake wa huku, anailaza tambura mkekani taratibu. Anayemfahamu anajua kwamba akifanya mambo taratibu hivyo, amekasirika.

“Baba yake yupo?” anauliza.

“Yupo, Bai. Yuko kazini.”

“Basi baba aimbe kama baba, na mtoto aimbe kama mtoto. Tejal, usiimbe tena. Nenda dirishani ukamwite muuza mboga.”

“Nimwambie nini?”

“Mwite tu. Mwite kama anakata kona na nyanya zote.”

Tejal anaita. Sauti inatoka juu, safi, bila kukwaruza popote, hadi muuza mboga kule chini anasimamisha mkokoteni na kuuliza anatakiwa na nani. Kufikia hapo Nalini ameshaikamata tambura, amefumba macho, anakaza uzi kidogo kidogo mpaka unalia sawasawa na ule wito.

“Hii ndiyo Sa yako,” anamwambia binti. “Atakayekushusha chini ya hapa, mkimbie, hata kama ni mimi.”

Sa ni sauti ya kwanza, ile anayoondokea mwimbaji wa raga, muziki wa jadi wa huku, na kuirudia kila baada ya safari. Tambura, kinanda kirefu chenye shingo ndefu na buyu kubwa chini, hakina kazi nyingine ila kuishikilia sauti hiyo nyuma ya mwimbaji tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kila koo lina Sa yake kama kila mguu ulivyo na kiatu chake. Jambo dogo, mtu angesema. Lakini kwa jambo hilo dogo wasichana wa eneo hili wameharibiwa makoo tangu enzi za bibi zao, na walioharibu wakavishwa mashada ya maua.

Muuza mboga hawezi kuitwa bure. Nalini anashusha kikapu kwa kamba na kununua nyanya ambazo hazihitaji, kama afanyavyo kila anapopata mwanafunzi mpya. Ana wanafunzi ishirini na wawili, wengine hawalipi, na kwa mwezi hupata kama rupia elfu kumi. “Nusu inakwenda kwenye kodi,” anasema, “na nusu kwenye nyanya.”

Hakufundishwa njia hii na mtu. Aliitafuta mwenyewe baada ya kupotewa na kila kitu.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu baba yake, mwalimu wa shule ya msingi kando ya mto Krishna, alipompeleka kwa Dattoba Athalekar. Watu walimwita Buwa, jina la heshima la waimbaji wakubwa, na nyumba yake ilijaa wanafunzi wa kiume. Nalini alikuwa msichana pekee. Sebuleni zilisimama tambura mbili za mzee, zilizokazwa kwa Sa ya mzee, sauti ya chini ya mwanamume wa makamo. Kila Alhamisi zilivishwa maua na kufukiziwa ubani. Na kulikuwa na mwiko mmoja ambao hakuna aliyekumbuka ulianza lini: mkono wa mwanafunzi haugusi vigingi vya kukazia nyuzi za tambura ya mwalimu.

Maana yake ni kwamba nyuzi zile hazikupanda wala kushuka kwa ajili ya mtu yeyote. Mvulana ambaye sauti yake haijavunjika aliimba hapo hapo. Msichana naye hapo hapo.

“Hakuna aliyenilazimisha,” anasema Nalini. “Ilikuwa heshima tu.”

Heshima! Neno hili lina kazi nyingi sana katika nchi hii. Linafunika uzembe, linafunika woga, na likichoka linafunika hata maiti.

Nalini mwenyewe hataki mzee wake atukanwe. Kila anapolitaja jina lake hushika ncha ya sikio, kama wafanyavyo watu wa fani hii wanapomtaja mwalimu. “Buwa hakuwa mtu mbaya. Nilikula kwake miaka kumi na mmoja. Nikiugua, mkewe alinilisha kwa mkono wake. Alichokijua alinipa chote, hakunificha hata wimbo mmoja. Sa yangu tu ndiyo hakunipa, kwa sababu hakujua kama ninayo.”

Basi binti akajifunza kukishusha kidevu na kuibana sauti mpaka ifike chini inakotakiwa. Na ikafika. Jamani, ilifika! Wazee wa safu ya mbele walitikisa vichwa, wakapiga mapaja, wakaambiana kwa sauti ya kusikika: huyu mtoto anaimba kama mwanamume. Magazeti yakaandika vivyo hivyo. Kwa mwimbaji wa kike wa wakati ule hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo, naye akainywa yote. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu aliposifiwa alitia damu yake mwenyewe.

Koo lilikuwa likimuuma kila asubuhi. Aliwaambia wenzake, wakamwambia ndivyo linavyofunguka. Akawaambia wakubwa, wakamwambia anywe maziwa ya binzari. Hakuna aliyesema, jaribu kukaza uzi.

Akiwa na miaka ishirini na minne, mpenzi mmoja wa muziki alimrekodi ukumbini Sangli. Ni raga ya asubuhi, muda wake kama robo saa, na ukiisikiliza leo unaelewa kwa nini watu walipagawa. Miezi michache baadaye, jukwaani Kolhapur, alifungua mdomo apande juu.

“Ikatoka hewa,” anasema. “Nikadhani nimemeza kitu. Nikajaribu tena. Hewa.”

Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, akaamuru anyamaze. Nalini alinyamaza karibu miaka miwili, na sauti iliporudi ilikuwa nyingine: inatosha kuzungumza, inatosha kumwonyesha mtoto kipande cha wimbo, lakini haiwezi kubeba onyesho.

Wakati huo alikuwa ameolewa na karani wa reli, kwa hiyo watu wakapata maelezo yao. Ameacha kwa ajili ya ndoa. Mume hataki. Nalini hakuwakanusha. Mwanafunzi haweki kosa mlangoni kwa mwalimu wake, na anayefanya hivyo huonekana amekata mti anaoukalia. Akafunga mdomo miaka thelathini na saba.

“Maskini mume wangu,” anasema, na hapa anacheka kwa uchungu. “Amekufa na lawama si yake. Watu walikuwa wakimkata jicho sokoni, wakisema huyo ndiye aliyetunyima Nalini. Naye ndiye aliyekuwa akiamka kunichemshia tangawizi. Nikimwambia niwaeleze ukweli, anasema acha, mimi ni mtu wa reli, nimezoea kutukanwa.”

Siri hiyo angekufa nayo kama si Mukta.

Mukta Salgar ana miaka kumi na tisa. Baba yake ni mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya Miraj. Alianza kupanda ngazi za karakana ya Dastagir akiwa na miaka kumi, na Sa yake haikupatikana kwa muuza mboga bali siku alipomfokea mbuzi aliyetafuna kandambili yake. Nalini hapendi kusifu, lakini kuhusu Mukta anasema, “Huyo akiimba, mimi husahau kumsahihisha.”

Kila mwaka chama kimoja cha muziki Kolhapur huchagua kijana mmoja na kumgharimia masomo miaka mitatu. Kwa Mukta hiyo ndiyo njia pekee. Baba yake hana ubaya, ila mgongo wake umechoka. Alimwambia bintiye mapema: mwaka huu ukipata, soma, usipopata, duka la sari lile la sokoni linatafuta msichana wa kuuza.

Mukta alikwenda. Mbele yake waliitwa wavulana, mmoja baada ya mwingine, na tambura za chama zilikuwa zimekazwa kwa ajili yao. Zamu yake ilipofika aliomba kwa adabu zipandishwe.

“Binti,” akajibiwa kutoka meza ya waamuzi, “hapa si duka la viatu. Imba na kilichopo. Msanii wa kweli hachagui.”

Wavulana hawakuambiwa hivyo, kwa sababu hawakuhitaji kuomba. Mukta akaimba na kilichopo. Sehemu za chini zilizama, hazikusikika hata safu ya pili. Uamuzi ukaja: sauti haina uzito. Ndivyo walivyoambiwa wasichana wa mwaka juzi, na wa kabla yao. Chama hicho hakijawahi kumchagua msichana hata mmoja, na waheshimiwa wale hukaa wakanywa chai na kusikitika kwamba siku hizi wanawake hawana sauti. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Nalini alipanda basi kwenda kulalamika. Na nani alikuwa mwenyekiti wa waamuzi? Sharad Athalekar, mtoto wa mzee wake, ambaye Nalini aliwahi kumbeba kiunoni na kumfuta makamasi. Siku hizi naye anaitwa Buwa. Alimpokea vizuri, akamwagizia chai na sahani ya pepeta za mchele za kukaanga.

“Sikiliza, dada,” Sharad alimwambia. “Kwa ajili yako nitamsikiliza tena huyo msichana. Aje siku ya kumbukumbu ya Baba, waamuzi wote watakuwepo. Lakini ataimba kwa tambura za Baba, kama sote tulivyoimba. Sitapindisha mila kwa ajili ya mtu mmoja.”

“Nyuzi zile ziko chini kwake, Sharad.”

“Kwako hazikuwa chini?” Akachukua simu yake, akabonyeza. Ikatoka ile rekodi ya Sangli. “Huyu nani? Si wewe? Ukiulizwa kama mwanamke anaweza, jibu lako hili hapa.”

Nalini anasema alikaa pale na kijiko mkononi, akajisikiliza akiwa na miaka ishirini na minne. Kikulacho ki nguoni mwako. Kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya kilikuwa kimegeuzwa fimbo ya kumpigia mwanafunzi wake.

Lililomuuma zaidi lilikuwa bado njiani. Rekodi ile ilimfikia Mukta pia, kwenye simu, na Mukta akaamua kwamba kama Bai aliweza, naye ataweza. Mchana, treni za mizigo zikipiga kelele, akawa anajificha nyuma ya bohari la stesheni anajifunza kuibana sauti ishuke. Hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu, darasani, Nalini akasikia mchanga kwenye sauti yake.

“Umekula nini?”

“Mafua, Bai.”

“Mafua hayakai hapo. Umekuwa ukiimba wapi?”

Mukta akalipuka. “Bai, wewe uliimba pale pale. Nimekusikia. Nimekusikia mara mia! Mbona mimi unanikataza? Au hutaki nifike ulikofika?”

Chini, Ami Dastagir aliacha kupiga msasa. Hata muuza mboga angesikia. Nalini alimwambia aende nyumbani anywe maji ya vuguvugu, kisha akashuka ngazi na kuketi katikati ya mabuyu makavu.

“Mwambie,” alisema Dastagir bila kuinua kichwa. Ndiye pekee nje ya marehemu mumewe aliyejua.

“Nimseme vibaya Buwa? Mtu aliyenilisha?”

“Simwambii mtu amseme vibaya mtu. Nakwambia mwambie mtoto kilichokupata.”

“Hataamini. Ana ile rekodi. Atadhani nina kijicho.”

Mzee akapuliza vumbi kwenye kibao. “Basi usimwambie. Mwache asikie.”

Siku ya kumbukumbu, sebule ya Athalekar ilijaa hadi barazani. Picha ya mzee ilikuwa na shada jipya, tambura mbili zimevishwa maua. Kabla ya Mukta kuitwa, Sharad alisimama, akasema maneno matamu kuhusu binti pekee aliyelelewa na nyumba hii, kisha akaamuru ile rekodi ichezwe kwenye spika. Kwa heshima ya Nalinibai, alisema. Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akafuta machozi. Mukta alikuwa ameketi chini ya spika, midomo yake ikifuata kila sauti.

Rekodi ilipokwisha Sharad akamwashiria Mukta asogee mbele. Aliyesogea ni Nalini. Watu walidhani anakwenda kumbariki mwanafunzi wake, wakampisha. Akaketi kati ya tambura, akamwomba mpigaji aanze, akashika masikio yote mawili na kuiinamia picha.

“Mmesikia nilivyokuwa,” alisema. “Sasa sikieni kilichobaki.”

Akaimba wimbo ule ule, kwa nyuzi zile zile. Chini alipita, kwa kukwaruza. Alipoanza kupanda sauti ilipasuka vipande viwili, kisha ikawa pumzi tupu. Watu waliinamisha macho, wengine wakakohoa kwa aibu. Nalini akarudi alikoanzia, akapanda tena, ikakatika pale pale. Akarudi tena.

“Inatosha, dada,” alisema Sharad, amesimama. “Usijidhalilishe.”

“Haijatosha. Mnayoicheza ninyi imekatwa, Sharad. Inaendelea mpaka hapa.” Alikuwa akihema. “Sikuacha kwa sababu ya mume. Nawaambia leo, na mume wangu anisamehe. Sauti yangu ilifia kwenye nyuzi hizi, na nilipowaambia wakubwa wa hapa kwamba naumwa, nilipewa maziwa.”

Kutoka nyuma mtu akasema wazi, “Amekula chumvi ya nyumba hii, leo anaitukana.” Mwingine akasema wazimu wa uzee. Hakuna hata mmoja, kati ya watu wazima wote waliojaa pale, aliyemuuliza kama anahitaji maji. Mukta ndiye aliyemletea.

“Kaa, binti, uimbe,” Sharad alimwambia Mukta. “Hii ndiyo nafasi yako. Hakuna nyingine.”

Mukta alitazama tambura, akamtazama mwalimu wake anavyomeza maji kwa shida. “Samahani, Buwa,” alisema. “Mimi siimbi kwa hizi.”

Ufadhili ulikwenda kwa mvulana wa Ichalkaranji, kijana mzuri asiye na kosa lolote. Mukta anauza sari. Daktari amemkataza kuimba kwa muda, na vinundu vyake bado vidogo, akitulia vitakwisha. Kila asubuhi kabla ya kazi hupanda ngazi za Dastagir, akakaa na wenzake bila kutoa sauti, akaandika kwa kidole hewani pale wanapokosea, nao humcheka.

Alipopigiwa simu na gazeti hili, Sharad Athalekar alijibu kwa upole. “Baba yangu hakumlazimisha mtu yeyote. Na mila haibadilishwi na kilio cha mtu mmoja.” Kweli hakulazimisha. Watoto wa watu waliharibika wenyewe, kwa adabu, mbele ya watu wazima wenye masikio. Mtu mmoja tu! Kana kwamba wengine, walioondoka kimya wakaenda kuuza madukani na kupika mikate ya mtama, hawakuwa watu.

Miraj sasa imegawanyika. Wazazi watatu wamewatoa watoto wao kwa Nalini, wakisema mwalimu asiyemstiri mwalimu wake atawafundisha nini watoto. Wengine wanane wamewaleta wao. Barua ya chama ya kuomba radhi haijaja, na hakuna anayeingoja.

Rekodi ndiyo inaendelea kuzunguka. Mwezi ujao tamasha moja la Sangli litafunguliwa kwa kuichezesha, safari hii mbele ya wanafunzi wa muziki kutoka wilaya nzima. Nalini alipopata habari aliwapigia simu waandaaji, akaomba akae jukwaani mara tu baada yake. Walifurahi mno. Wakamwuliza ataimba nini.

“Nimewaambia hicho hicho.”

Na sauti ikikatika mbele ya watoto wote hao?

“Itakatika,” anasema, akiikaza tambura kwa ajili ya mwanafunzi anayefuata. “Nimewaomba kipaza sauti kiwe karibu.”